Nyumba za mtindo wa Prairie, Illinois 1900 hadi 1915: tuzichambue kuanzia mekoni

MchoraRamani (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani mtu akiweka picha ya nyumba ya Kimarekani yenye paa la chini na madirisha yaliyopangwa mstari mmoja, anaandikiwa "hiyo ni Prairie", jina la msanifu Frank Lloyd Wright linatajwa, na mjadala unaishia hapo. Mimi naishi Illinois, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, na hizi ndizo nyumba zilizonifanya niipende kazi yenyewe. Naomba leo twende ndani zaidi.

Hoja yangu ni hii: ule mlalo unaouona nje ni matokeo tu. Nyumba za Prairie zilipangwa kutokea ndani kuja nje, na mpango ulianzia kwenye meko, yaani mahali pa moto wa kupasha nyumba joto, si jikoni. Ukinakili paa bila kugusa mpango wa ndani, umejenga nyumba ya kawaida yenye kofia pana.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Miaka ya 1880, Mmarekani mwenye uwezo alijenga nyumba inayokwenda juu. Chini ya ardhi kulikuwa na chumba cha makaa, juu kabisa dari, na paa lilikuwa na vijipaa na minara kila upande. Ndani ilikatwakatwa: sebule ya wageni, sebule ya familia, maktaba, chumba cha kulia, kila kimoja na mlango wake na mara nyingi meko yake. Watu wanadhani yalikuwa mambo ya fahari tu, lakini kulikuwa na sababu ya msingi. Joto lilitoka mekoni au kwenye jiko la makaa, na baridi ya Januari huku haina huruma. Ukitaka joto likae, unafunga mlango.

Halafu ikaja teknolojia ya kupasha nyumba nzima joto kutoka kwenye tanuri moja, kwa mabomba ya maji ya moto. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Ukuta wa kati ukapoteza kazi yake ya kuzuia joto, na mtu mwenye macho angeweza kuuliza: basi umebaki wa nini?

Wright aliuliza. Alizaliwa Wisconsin mwaka 1867, akaja Chicago kijana, jiji ambalo liliungua vibaya Oktoba 1871 na lilikuwa bado linajijenga upya kwa kasi. Wahandisi wa huko walikuwa wameshaanza kusimamisha maghorofa kwa fremu za chuma. Kuanzia 1888 alifanya kazi kwenye ofisi ya wasanifu Adler na Sullivan. Louis Sullivan alifundisha kwamba umbo la jengo litokane na kazi yake, na kwamba Marekani iache kuvaa nguo za kuazima kutoka Ulaya. Mwaka 1893 waliachana, baada ya Sullivan kugundua kijana wake anachora nyumba za watu pembeni, nje ya mkataba.

Mwaka huohuo Chicago iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Majengo mengi yalikuwa meupe, ya nguzo za Kirumi. Lakini Wajapani walileta Ho-o-den, jengo la mbao lenye mapaa mapana, ambamo chumba hugawanywa kwa viambaza vyepesi vinavyosogezwa. Wright alikuja kupenda sana sanaa ya Japani, akafika huko mwaka 1905 na kurudi na michoro mingi ya kuchapa.

Ongeza na vuguvugu la Arts and Crafts kutoka Uingereza, lililotaka vitu vya nyumbani vitengenezwe kwa uaminifu, mbao ionekane mbao na tofali lionekane tofali. Chicago lilikuwa na kituo chake Hull House, nyumba ya huduma za jamii ya Jane Addams. Hapohapo mwaka 1901 Wright alitoa hotuba iliyowaudhi baadhi ya wafuasi wa vuguvugu lenyewe. Alisema mashine isikataliwe. Mashine inakata mbao iliyonyooka vizuri kuliko mkono, kwa hiyo tuchore vitu vilivyonyooka. Kwangu hapo ndipo usasa wa nyumba hizi ulipo. Wengine walikimbia kiwanda, yeye akakitumia.

Februari 1901 alichapisha ramani katika jarida la Ladies' Home Journal, nyumba iliyokadiriwa kugharimu karibu dola 7,000. Ndani ya ramani ile mtindo wote upo tayari: paa la chini, sebule na chumba cha kulia vinavyofunguka kimoja kwa kingine, meko katikati. Kisha ikaja nyumba ya Ward Willits, Highland Park, iliyochorwa 1901 na kujengwa mwaka uliofuata. Hii wengi wanaihesabu kuwa Prairie ya kwanza iliyokamilika. Mpango wake ni msalaba. Meko na dohani viko katikati, na mikono minne inatoka hapo: sebule mbele, chumba cha kulia upande mmoja, mlango na kipenu cha kushukia kwenye gari upande wa pili, jiko na vyumba vya wafanyakazi nyuma. Kila mkono una mwanga wa pande tatu. Sasa jiulize, nyumba yenye mikono inayonyooshwa hivyo juu ya ardhi tambarare ingeonekanaje nje, kama si ya mlalo?

Nitaendelea na Robie House nikitoka kazini.

Boriti

Mkuu uzi umeanza vizuri, nimeweka kiti. Ila naomba uwe wazi: tabia zipi hasa mtu akiziona barabarani aseme "hii ni Prairie", na zipi za kubahatisha?

MchoraRamani

@Boriti swali zuri, nalijibu haraka kabla sijaendelea.

Paa linateremka kwa mwinuko mdogo, mara nyingi pande zote nne, na ukingo wake unatokeza mbali kupita ukuta. Dohani ni moja, pana, fupi, karibu na katikati. Madirisha yamekaa kwa safu kama utepe, mara nyingi yakigusa chini ya paa kabisa, na yanafunguka kwa bawaba kwenda nje. Nyumba imeinuliwa kidogo juu ya msingi unaoonekana, na Wright alilipinga wazo la chumba cha chini ya ardhi. Mlango mkuu haukutazami. Rangi ni za udongo na majani makavu.

Lakini nyumba inaweza kuwa na haya yote na isiwe Prairie. Huku kuna mitaa mizima ya nyumba ambazo watu wanaziita Foursquare: mraba, ghorofa mbili, vyumba vinne chini na vinne juu, paa la pande nne lenye ukingo uliotokeza. Kampuni kama Sears ziliuza nyumba za namna hiyo kwa katalogi, mbao zinakuja kwa treni. Ni ndugu wa Prairie kwa sura, ila ndani ni kisanduku kilekile cha zamani. Ndiyo maana nasema anza mekoni.

MchoraRamani

Sasa Robie House. Nitakaa hapa kidogo.

Iko Chicago kusini, kona ya barabara ya 58 na Woodlawn, jirani na University of Chicago. Mwenyewe alikuwa Frederick C. Robie, kijana mfanyabiashara ambaye familia yake ilitengeneza baiskeli. Mahitaji yake yanajulikana: alitaka mwanga mwingi, hakutaka vyumba vya kisanduku, na alitaka awaone majirani barabarani bila wao kumwona. Kiwanja kilikuwa chembamba, futi 60 kwa 180, kimelala mashariki kwenda magharibi. Ramani ilichorwa 1908 na 1909, nyumba ikakamilika 1910. Gharama yote, pamoja na kiwanja na samani, ilifika karibu dola 58,500. Linganisha na zile 7,000 za jarida.

Sasa mtazame fundi tofali. Tofali za Robie ni nyembamba na ndefu, unene kama sentimita 4 na urefu kama 30. Maungio ya mlalo yalijazwa udongo wa kujengea (mota) wa rangi ya krimu, kisha ukakwanguliwa uingie ndani, kwa hiyo jua likipiga, kila mstari wa tofali unaweka kivuli chake. Maungio ya wima yalijazwa hadi usawa wa uso wa tofali, kwa udongo uliotiwa rangi ileile ya tofali. Ukisimama hatua chache tu kutoka ukutani, maungio ya wima yanapotea. Unaona mistari mirefu ya mlalo kutoka mwanzo hadi mwisho wa jengo. Nilipoweka kidole kwenye ungio moja la wima nilishangaa jinsi lilivyo laini. Fundi yeyote aliyewahi kujenga ukuta anaelewa hiyo ni kazi maradufu, udongo wa aina mbili kwenye ukuta mmoja, na hakuna mpita njia atakayekuambia kwa nini ukuta unaonekana kutambaa.

Paa upande wa magharibi linatokeza karibu mita 6 kupita nguzo ya mwisho ya tofali. Haishikiliwi na mbao peke yake, kuna boriti za chuma ndani, chuma kilekile cha maghorofa ya katikati ya jiji. Upande wa kusini upenu umepangwa na jua. Chicago iko karibu nyuzi 42 kaskazini mwa ikweta. Saa sita mchana mwezi Juni jua linapanda hadi kama nyuzi 71, na paa linaweka vioo kivulini. Desemba saa hiyohiyo jua haliinuki zaidi ya nyuzi 25, linapita chini ya paa na kuingia ndani hadi sakafuni.

Ndani, ghorofa ya chini ni chumba cha biliadi na cha michezo ya watoto. Maisha yenyewe yako juu yake. Sebule na chumba cha kulia ni nafasi moja ndefu, na kinachovitenganisha ni meko tu. Na hata meko yenyewe, juu yake pana uwazi katikati ya dohani, kwa hiyo dari unaiona ikipita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ngazi imefichwa nyuma yake. Meza ya kulia ilikuwa na taa kwenye pembe zake nne na viti vyenye migongo mirefu, na wakati watu wamekaa, ile migongo ndiyo ilikuwa kuta. Chumba cha kulia ndani ya chumba kikubwa, bila ukuta hata mmoja.

Mle kuna vioo 174 vya nakshi, madirisha na milango pamoja, vipande vidogo vilivyoungwa kwa metali. Watu huviita mapambo. Vinafanya kazi ya pazia. Mchana aliye nje haoni ndani, aliye ndani anaona mti na barabara. Pamoja na kuta fupi za roshani, ndivyo Robie alivyopata alichoomba.

Familia yenyewe haikukaa miaka miwili. Baba yake Robie alifariki akaacha madeni, ndoa ikavunjika, nyumba ikauzwa mwishoni mwa 1911. Baadaye ikawa mali ya chuo cha theolojia ambacho mara mbili, 1941 na 1957, kilitaka kuibomoa. Mara ya pili Wright mwenyewe, akikaribia miaka 90, alifika kuipigania. Mwaka 2019 iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na majengo mengine saba ya Wright.

Mama Tofali

Ahsante sana mleta uzi, hiyo ya udongo wa rangi mbili sikuwahi kuisikia na nina miaka kwenye ujenzi. Lakini niseme ukweli, ninachosikia kuhusu nyumba hizi ni kwamba zinavuja. Paa la mwinuko mdogo namna hiyo kwenye nchi ya theluji! Na hizo sifa zote kwa mtu mmoja, hakuna aliyekuwa anachora naye?

MchoraRamani

Dada, umegusa mambo mawili ambayo mashabiki huyakwepa.

Kuvuja ni kweli, na sababu yake inaeleweka. Paa la mwinuko mdogo linakaa na theluji wiki nyingi. Joto la ndani linayeyusha theluji iliyo juu ya vyumba, maji yanateremka hadi kwenye upenu. Upenu hauna chumba chini yake kwa hiyo ni baridi, na maji yanaganda pale. Barafu inakuwa bwawa. Maji yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae na kuingia ndani. Upenu mpana zaidi, bwawa kubwa zaidi. Wanaozikarabati leo wanaweka tabaka zisizopitisha maji ambazo mwaka 1905 hazikuwapo. Mimi siwezi kumtetea msanifu kwa hilo, maana aliijua theluji tangu utotoni.

La pili ndilo lililo moyoni mwangu zaidi. Hapana, hakuwa peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kundi la wasanifu vijana walikuwa wanagawana ofisi juu ya jengo la Steinway Hall, Chicago: Dwight Perkins, Robert Spencer, Myron Hunt, na Wright. Walikosoana michoro kila siku. Baadaye kwenye studio ya Wright, Oak Park, pembeni mwa Chicago, walikuwapo wachoraji kadhaa, na kati yao Marion Mahony.

Mahony alihitimu usanifu chuo cha MIT mwaka 1894, mwanamke wa pili kufanya hivyo hapo, na alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kupata leseni ya kazi hii. Aliingia kwa Wright 1895. Ile michoro maarufu ya nyumba za Prairie, ambayo jengo limekaa chini na majani ya miti yanalizunguka kama kwenye michoro ya Kijapani, mingi ni mkono wake. Ilipochapishwa Berlin na kampuni ya Wasmuth mwaka 1910, wasanifu wa Ulaya waliigombania. Waholanzi hasa waliichukua kwa uzito. Robert van 't Hoff alijenga nyumba ya zege huko Huis ter Heide ambayo ukiiona tu unajua ilikotoka. Jina kwenye jalada lilikuwa la Wright.

Tena, mwaka 1909 Wright aliacha kazi na familia akaenda Ulaya na mke wa mteja wake. Kazi zilizobaki zilichukuliwa na Hermann von Holst, na Mahony akawa mchoraji mkuu. Mwaka 1911 aliolewa na Walter Burley Griffin, naye aliwahi kuwa studio ya Oak Park, na mwaka uliofuata mpango wa Griffin wa mji mkuu mpya wa Australia, Canberra, ulishinda, ukiwa umewasilishwa kwa michoro ya Mahony. Mtu akisema Prairie ni Wright, anawafuta watu hawa wote.

Ndugu wa Minneapolis

Nathibitisha. Huku kwetu kuna Purcell-Cutts House ya 1913, ya William Purcell na George Elmslie, si ya Wright. Inamilikiwa na Minneapolis Institute of Art na watu wanaingia. Sebule iko chini kwa ngazi chache, chumba cha kulia kimeinuliwa, na dari moja inafunika vyote viwili. Ni nyumba ndogo lakini ukiwa ndani husikii udogo. Kaka, swali langu: kama ilikuwa nzuri hivi, mbona ilikufa haraka? Na zile za California za mbao ni Prairie pia?

MchoraRamani

Kaka, shukrani kwa huo ushuhuda. Elmslie naye alitoka ofisi ya Sullivan, na mkono wake kwenye nakshi ulikuwa mkubwa kuliko anavyotajwa.

Za California ni binamu. Chukua Gamble House ya Pasadena, ya ndugu Greene na Greene, 1908. Mapaa mapana, roho ya Japani, Arts and Crafts, vyote vimo. Lakini pale mbao ndiyo inayozungumza: vichwa vya boriti vinachomoza nje, maungio yanaonyeshwa ili uyaone na kuyagusa. Kwenye Prairie muundo unafichwa. Chuma cha Robie hukioni popote. Kinachozungumza ni nafasi yenyewe.

Kufa kwake: kufikia 1915 ilikuwa imeshachoka, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wateja walirudi kwenye nyumba za mtindo wa enzi za ukoloni wa Kiingereza, zenye nguzo nyeupe na madirisha ya kulingana. Kiongozi alishaondoka na kashfa ikamfuata. Mwaka 1914 nyumba yake ya Taliesin huko Wisconsin ilichomwa na watu saba wakauawa. Griffin na Mahony walihamia Australia mwaka huohuo. Na gharama, maana nyumba ambayo kila kiti na kila kioo vinachorwa upya haiwezi kuenea. Wright alijaribu kuliponya hilo kwa nyumba za mbao zilizokatwa kiwandani, zile American System-Built Homes. Baadhi bado zipo Burnham Street, Milwaukee, na ni kati ya kazi zake ninazoziheshimu zaidi, lakini vita ilikatiza mradi.

Mkongo wa Michigan

Jambo ndugu wote. Mimi niko Grand Rapids, tuko Wakongo wengi hapa. Kuna nyumba ya Wright hapa mjini watu wanasema iko wazi. Inafaa kuona au ni mpaka mtu afike Chicago?

MchoraRamani

Ndugu yangu, wewe ndiye mwenye bahati. Hiyo ni Meyer May House, Madison Avenue, ya 1908 na 1909. May alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Miaka ya 1980 kampuni ya samani ya Steelcase iliinunua na kuirejesha ilivyokuwa, na kwa ukamilifu wa ndani sijaona Prairie inayoipita, hata Robie ambayo samani zake zilitawanyika. Karibu na chumba cha kulia tazama mchoro wa maua marefu ukutani, kazi ya George Niedecken wa Milwaukee. Ulikuwa umefunikwa na rangi juu ya rangi hadi mafundi walipoufukua.

Ukitoka hapo, mtaa huohuo wa Heritage Hill, tafuta Amberg House kwenye College Avenue. Ilijengwa kwa ajili ya wazazi wa mke wa May, na aliyeichora baada ya Wright kuondoka ni Marion Mahony. Ni makazi ya watu, kwa hiyo itazame kutoka barabarani tu. Linganisha mapaa ya nyumba hizo mbili, hasa mwinuko na namna ukingo unavyokatwa, kisha rudi hapa utuambie tofauti umeiona wapi. Ukipata picha za nje ziweke, Mama Tofali atatusaidia kwenye matofali.